Mzee, baridi na jiko la mkaa: kinachodhuru hasa wakati wa kipupwe

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba Tanzania kuna sakitu, ile barafu nyepesi ya alfajiri, huona anataniwa. Apande hadi uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai kabla jua halijatoka, atakuta nyasi zimegeuka nyeupe. Makete, Njombe, Mafinga na Mbeya si kila usiku huwa hivyo, ila joto kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi ni jambo lisilomshtua mwenyeji. Kenya nako, Limuru, Kinangop na Nyahururu, miezi hiyohiyo watu hulala na sweta na soksi.

Ukiuliza baridi hii inawadhuru vipi wazee, jibu la haraka ni nimonia, au kichomi kama wengi wanavyoita. Ni kweli, lakini jibu hilo linaacha nje mambo mawili makubwa. Moja ni moyo na mishipa ya damu. La pili ni ile dawa yetu ya baridi, jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala, ambalo hufanya kwa usiku mmoja kazi ya kuua ambayo baridi ingeifanya kwa wiki kadhaa.

Tuanze na baridi yenyewe, maana si moja. Nyanda za Juu Kusini, Juni hadi Agosti ni kiangazi. Usiku anga huwa jeupe, halina wingu, na joto lote ambalo ardhi na mabati vilikusanya mchana hupotelea juu. Hivyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya, lakini ikifika saa nne asubuhi jua limewaka na mzee anaweza kutolewa nje akaliota. Maeneo ya Limuru na Nairobi hali ni kinyume. Mawingu mazito hukaa chini siku nzima, usiku haushuki sana, lakini mchana nao haupandi, na nyumba inaweza kumaliza wiki bila kuota jua. Ushauri wa "mtoe bibi akaote jua" unafaa sana Makete. Limuru bibi atatolewa akae kwenye manyunyu. Huko, joto la mzee lazima litoke kwenye nguo, chakula na kitanda.

Sasa mwili. Mtu mwenye nguvu zake hujikinga bila hata kufikiri: mishipa ya damu ya ngozi hubana ili joto libaki ndani, misuli hutetemeka na kuzalisha joto, na hisia za mwili humwambia akachukue koti. Uzeeni kinga zote hizo hulegea. Misuli imepungua, kwa hiyo hata kutetemeka hakuleti joto la maana. Mafuta ya chini ya ngozi yamekwisha. Mishipa hubana kwa kuchelewa. Baya zaidi, hisia yenyewe ya baridi hufifia, kiasi kwamba mzee aliyekaa barazani saa moja asubuhi na shati moja, akakuambia "mimi sisikii baridi," hakudanganyi. Kweli hasikii. Mikono yake, ukiishika, ndiyo itakuambia habari nyingine. Kisukari, tezi ya shingo iliyopunguza kazi, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za presha huzidisha tatizo hilo. Pombe nayo ina hila yake: hufungua mishipa ya ngozi, mnywaji akajisikia uso umewaka moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje.

Mishipa ya ngozi ikibana, damu hurudi ndani na presha hupanda. Figo, zikiona presha imepanda, hutoa maji zaidi kama mkojo. Damu ikipungukiwa maji huwa nzito, na damu nzito huganda kwa urahisi. Hapo ndipo kiharusi na mshtuko wa moyo vinapopata nafasi, mara nyingi siku moja au mbili baada ya usiku wa baridi kali. Maradhi ya kifua huchelewa zaidi, pengine wiki moja au mbili. Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, msibani hakuna anayesema "ameuawa na baridi." Watu husema presha ilipanda ghafla, au kifua kilimzidia, na baridi inabaki haina kesi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Mwaka 1997 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliolinganisha sehemu mbalimbali za Ulaya, kuanzia kaskazini mwa Finland hadi Athens na Palermo. Ilionekana kwamba joto likishuka kwa kiasi kilekile, vifo huongezeka zaidi kwenye nchi zenye baridi ya wastani kuliko kwenye nchi za barafu. Sababu haikuwa hewa ya nje. Ilikuwa nyumba na mavazi. Siku ambayo nje ni nyuzi 7, sebule za kusini mwa Finland zilikuwa na wastani wa nyuzi 21.7, za Athens 19.2. Siku kama hiyo, asilimia 72 ya watu wa kusini mwa Finland walitoka nje wamevaa kofia. Athens walikuwa asilimia 13.

Nikisoma takwimu hizo naiona Njombe, naiona Kinangop. Sisi ndio Athens ya hadithi hii, tena bila sebule ya nyuzi 19. Tunajihesabu kuwa watu wa nchi ya joto, tunajenga kama watu wa nchi ya joto, kisha miezi mitatu kila mwaka tunavumilia. Kijana huvumilia akavuka. Baba yake wa miaka 78 huvumilia kwa gharama ya moyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzi 18 kama joto salama la ndani ya nyumba wakati wa baridi kwa nchi zenye majira ya baridi. Kwenye nyumba ya tofali na bati isiyo na dari, nyuzi 18 alfajiri ya Julai ni ndoto. Bati ni jembamba, na usiku wa anga jeupe hupoteza joto upesi hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana asubuhi mtu huamshwa na matone yanayodondoka kutoka kwenye bati ilhali mvua haikunyesha. Paa la nyasi lilikuwa na joto kuliko hili. Simwambii mtu arudi kwenye nyasi, zina moto wake na panya wake, ila tulipobadilisha paa tulisahau kitu kilichotakiwa kuja pamoja nalo, yaani dari.

Kama familia ina fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye nyumba ya mzee, mimi ningeitumia kuweka silingi bodi kwenye chumba anacholala. Chumba hicho tu, si nyumba nzima. Isipopatikana, turubai au mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja na kutandazwa chini ya boriti inasaidia, kwa sababu inafunga hewa kati yake na bati. Nyufa za mlango na dirisha zizibwe kwa matambara. Chumba kikiwa kidogo ni bora; babu kulala peke yake kwenye chumba kikubwa cha mbele, eti ndicho cha heshima, ni heshima yenye baridi.

Lakini hapo ndipo mambo yanapogongana, na ndiko ajali nyingi zinakotokea. Nyumba iliyozibwa vizuri haiwezi kuwa na moto ndani. Ukiziba, usiwashe. Ukiwasha, usizibe. Watu hufanya yote mawili usiku mmoja.

Ajali za jiko la mkaa huanza na imani moja iliyoenea sana: kwamba kinachoua ni moshi. Kwa hiyo mama wa nyumba mwangalifu huwashia jiko nje, akapepea, akasubiri moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu kabisa, ndipo analiingiza chumbani kwa bibi na kufunga mlango. Amefanya uangalifu wake wote, na ameingiza sumu. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani, hainuki wala haiwashi macho. Moshi angalau huenda ungewakohoza wakaamka. Gesi hii inapoingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka mwili mzima ikiwa imebeba kitu kisichofaa, na ubongo na moyo vinakosa hewa mtu akiwa amelala.

Beseni la maji pembeni ya jiko halisaidii, kwa kuwa gesi hii karibu haiyeyuki majini. Kulala juu kitandani badala ya chini hakusaidii, kwa kuwa huchanganyika na hewa ya chumba chote. Dirisha lililoachwa wazi kidogo ni bahati nasibu. Upepo ukigeuka, kinga imekwisha. Na kulifunika jiko majivu "lisiwake sana" ni kuliongezea ubaya, maana mkaa unaokosa hewa ndio unaotoa gesi hiyo kwa wingi. Jiko la gesi la kupikia nalo si la kupashia chumba, wala jenereta si ya kuwekwa korido.

Kwa mzee dalili za sumu ya gesi hii hupotea ndani ya uzee. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, kuchanganyikiwa: kila moja ina maelezo mepesi, ni presha, ni malaria, ni umri. Kinachoitofautisha ni mpangilio wake. Kama kila aliyelala chumba hicho ameamka na kichwa kinauma, na wakitoka nje kwa saa kadhaa kinapoa, usitafute malaria. Tazama jiko lililala wapi. Ukimkuta mtu amelegea chumbani, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha jiko, na wewe mwenyewe usikae mle kutafuta viatu vyake. Hospitali lazima afike hata akizinduka, maana anahitaji oksijeni, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe kwamba palikuwa na jiko la mkaa. Bila kuambiwa anaweza kupotezwa: kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kikasoma namba nzuri huku mgonjwa anakufa.

Je, mtu akae gizani anatetemeka? Hapana. Kwenye nyumba zetu, fedha na kuni zinapotea tukijaribu kupasha chumba. Mwenye kupashwa ni mzee mwenyewe, na kitanda chake.

Kitanda kwanza, kwa sababu huko hupitisha saa kumi au zaidi. Familia nyingi hulundika mablanketi juu na kusahau chini. Godoro la sponji lililobonyea halina tena hewa ndani yake, na hewa iliyofungwa ndiyo inayozuia joto lisitoke; mzee anapolilalia, joto la mgongo linashuka moja kwa moja, hasa kama godoro limewekwa sakafuni kwenye saruji. Blanketi moja litandikwe chini yake, juu ya godoro, na chini ya godoro pawekwe maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka mnene. Juu, mablanketi mawili mepesi yenye manyoya yanatosha kuliko moja zito linalomkandamiza kifua. Nusu saa kabla hajalala, kidumu cha maji ya moto, yasiyochemka, kilichofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye sweta kuukuu, kiwekwe katikati ya kitanda, kisha kisogezwe miguuni au kiondolewe. Mwenye kisukari kisimguse ngozi kabisa: miguu yake huenda haina hisia, ikaungua bila yeye kujua, na kidonda hicho kinaweza kumalizia mguu wote.

Jambo hilohilo lipo jikoni. Bibi anayeota moto kila siku, miguu imesogezwa hadi karibu na mafiga, huanza kupata madoa ya kahawia kwenye miundi, yamejichora mithili ya wavu. Watu huyaona ni ya uzee. Ni ngozi inayopikwa polepole, na ni taarifa kwamba mtu huyo amekuwa akisikia baridi muda mrefu bila kusema. Moshi wa jikoni nao hauachi kifua salama. Kama kuota moto ndiyo starehe yake, na kwa wengi ndiyo baraza lao na mahali pa hadithi, kiti kisogezwe nyuma na mlango uwe wazi, kisha avalishwe vizuri.

Kuvaa vizuri si kuvaa kanzu moja nene. Nguo mbili au tatu nyepesi zilizopandana hufunga hewa kati yake. Ya sufu hushinda ya pamba, kwa kuwa pamba ikishika unyevu hupoa, na kwenye ukungu wa Julai kila kitu kina unyevu. Kitenge ni kizuri juu ya sweta, si badala ya sweta. Kofia avae hata ndani, hata kitandani. Mitumba imejaa kofia za kufuma. Soksi zisibane, na asitembee na soksi tupu kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, kwa sababu kuteleza na kuvunjika nyonga ni hatari sawa na baridi. Kandambili za miaka yote nazo ziondolewe miezi hii, apewe raba zenye kushika chini. Kuoga kuhamie saa saba mchana.

Chakula ni kuni za mwili. Mzee anayelala na kikombe cha chai kavu hana cha kuchoma usiku. Uji wa jioni wenye karanga au maziwa, viazi na maharage, kidogo kidogo mara nyingi, na chupa ya chai karibu na kitanda. Tangawizi huchangamsha koo, ila sukari na mafuta ndivyo vinavyofanya kazi.

Hapa kuna kisa ambacho wazee hawakisemi, kwa haya. Nilieleza kwamba baridi huongeza mkojo. Choo kipo nje, hatua thelathini gizani, umande umelowesha njia. Babu anatafuta suluhisho lake mwenyewe: anaacha kunywa kitu kuanzia saa kumi jioni. Damu inazidi kuwa nzito, njia ya mkojo inapata maambukizi, na alfajiri anapolazimika kutoka, anatoka kwenye joto la blanketi hadi kwenye baridi kwa ghafla, presha inaruka, anaanguka. Ndoo yenye mfuniko iwekwe chumbani, na tochi iwekwe karibu na mto wake wa kulalia. Aliyeikataa ndoo mbele ya mkwe wake aletewe na mjukuu, bila hotuba. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache akiwa amejifunika, ndipo asimame. Dawa za presha asizikatishe, na kama kuna msimu wa kupima presha mara kwa mara, ndio huu.

Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mambo yamegeuka, na si lazima mtu awe amelala nje. Anaweza kufika huko akiwa kwenye kochi. Mwanzoni hutetemeka, kisha anaacha kutetemeka, na watu hufurahi kwamba amepata nafuu. Anaongea kwa kuburuta maneno kama mlevi, anayumba, anasinzia, anakuwa mkali bila sababu. Pitisha mgongo wa kiganja chako chini ya nguo zake, tumboni. Tumbo la mtu huwa na joto hata mikono ikiwa barafu. Tumbo likiwa baridi, tafuta gari. Usitegemee kipimajoto cha kawaida, maana vingi havisomi chini ya 34 au 35. Wakati mnasubiri, mvueni nguo mbichi, mfunikeni pamoja na kichwa, mpasheni kifua na mgongo kwa kukumbatiwa au kwa maji ya moto yaliyofungwa kitambaani. Kama yupo macho kabisa, anywe kitu cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimsogeze kwenye moto, msimpe pombe: vyote hivyo husukuma damu baridi ya pembeni irudi kwenye moyo, au hufungua mishipa iliyokuwa inamlinda. Abebwe taratibu. Na nimonia ya uzeeni mara nyingi haina homa kali. Huja kama kukataa chakula, kupumua haraka na kuchanganyikiwa.

Wengi wanaosoma haya wapo mbali na wazazi wao, wengine Dar, wengine Nairobi, wengine ng'ambo kabisa, na msaada wao ni simu na muamala. Muamala ukitumwa Mei unanunua mablanketi na silingi bodi. Ukitumwa Julai, mzee akishalalamika, unanunua mkaa. Simu nayo tunaijua ilivyo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, sisi wazima, ni baridi tu." Simu imeishia hapo, na hujajua lolote. Uliza mambo yenye majibu: jana jioni ulikula nini, umelala na blanketi ngapi na chini umetandika nini, uliamka mara ngapi, chai umekunywa saa ngapi, jiko lililala wapi. Kama kuna mjukuu anayelala naye chumba kimoja, swali la jiko mwulize yeye. Mama atakuficha, asikutie wasiwasi.